Tairodi endi (kile kiungo cha stelingi kinachoshika upande wa tairi) ya Hilux imekwisha, nabadilishaje mwenyewe?

Wakuu, Hilux yangu nikipita rafu rodi stelingi inagonga ko ko ko, nimepiga jeki nikashika tairi kushoto kulia linacheza. Nyumbani naweza?

— Unaweza mkuu, ila weka stendi, jeki peke yake usiiamini. Chomoa pini inayozuia nati ya endi, legeza nati usiitoe yote, gonga nyundo ubavuni pale endi ilipoingia, usigonge bolti utaua tredi (nyuzi zake), ikiachia unaizungusha kuitoa huku unahesabu mizunguko, mpya irudishe mizunguko ileile

— Pini nunua mpya jamani, ya zamani ukishaikunja mara mbili inakatika

— Halafu nenda alaimenti (kunyoosha tairi) siku hiyohiyo, mi nilichelewa tairi zikaliwa upande 😅

— Shukrani wakuu, kesho naingia uvunguni