Naomba ushauri: nikapige MRI ya ubongo kwa sababu ya unene?

Habari zenu wakuu. Nina miaka 38, kilo 112, na urefu wenyewe sentimita 161. Soda nimeacha, chipsi mayai nimeacha, nimetembea asubuhi mpaka raba zimeisha soli. Napungua kilo sita, zinarudi nane.

Naweza kula ugali nikashiba kabisa, halafu nikipita kwa muuza mihogo ya kukaanga, ile harufu tu, mate yanajaa. Njaa sina, lakini mkono unaingia kwenye pochi wenyewe.

Sasa daktari wa kliniki moja ya binafsi kaniambia nipige MRI ya ubongo (picha ya ndani kwa mashine ya sumaku) "tuone kituo chako cha hamu", ndipo anipangie tiba. Bei yake ni mshahara wangu wa mwezi, na bima haigusi.

Nimesoma kidogo. Mwaka 2001 Gene-Jack Wang na wenzake wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walitumia kipimo cha PET (unadungwa dawa yenye mionzi kidogo, picha inaonyesha kemikali za ubongo zinavyofanya kazi) wakakuta watu wanene sana wana vipokezi vichache vya dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha. Lakini walilinganisha watu kumi kwa kumi tu, na tafiti za baadaye hazikukubaliana zote. Halafu PET si MRI! MRI ya kawaida inaonyesha umbo la ubongo, uvimbe na kadhalika. Hamu ya mihogo itaionaje?

Mliowahi kupimwa hivi, majibu yalibadilisha tiba mliyopewa? Au hela hii niipeleke kwa mtaalamu wa lishe na vipimo vya sukari na thairoidi (tezi ya shingoni)? Dada zangu wao wanasema ni uroho tu.