Pedi za kufua zinazokauka hata msimu wa mvua: kitambaa gani, vipimo gani?

Mama Wawili, Kirumba

Habari zenu wapendwa. Nataka kuwashonea mabinti wawili, wa miaka 13 na 16, pedi za kufua. Cherehani ni Singer ya kukanyaga, inashona mshono ulionyooka tu, haina zigizaga. Pedi nyingi ninazoziona zimeshonwa mtaani zina kasoro mbili. Zinapitisha pembeni, palepale kwenye mshono. Halafu ni nene mno, mvua ikianza zinashinda kambani siku mbili na katikati bado ni mbichi. Tunaishi nyumba ya kupanga, kamba ya nguo ni ya wote, na mkubwa hataki kabisa kuanika kitu chenye umbo la pedi. Naomba anayejua anipe kitambaa cha kununua na kiasi chake, vipimo vya kukata, na namna ya kuzuia kuvuja. Tafadhali msinielekeze kununua za dukani, bei zake tunazijua.

Fundi Mirongo

Dada, ugumu wa kukauka unatokana na pedi kushonwa kitu kimoja. Tabaka tano au sita zikifungiwa pamoja juu ya kitambaa kisichopitisha maji, hewa inaingia upande mmoja tu. Tenganisha. Shona kibebeo chenye mabawa (yale masikio mawili ya pembeni yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa), hicho ndicho cha kuzuia kupitisha. Kisha shona kitambaa cha ndani cha mraba, kinakunjwa sehemu tatu na kuchomekwa kwenye kibebeo. Siku ya kufua unakikunjua, kinakauka kama leso, na jirani akikiona kambani hana cha kuuliza.

Kitambaa cha ndani kiwe flaneli ya pamba, ile ya kushonea nguo za watoto wachanga. Usiuziwe flisi ya poliesta, kwa mkono zinafanana lakini flisi hainywi maji. Chomoa nyuzi mbili uzichome. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa binti mmoja nunua mita moja na robo yenye upana wa sm 110. Ifue mara mbili kwa maji ya moto KABLA ya kukata. Pamba inasinyaa, na kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani inayokataa maji. Dondoshea tone la maji, lisipozama papo hapo, fua tena.

Kata miraba ya sm 25 kwa 25. Kitambaa kikishasinyaa inatoka minne kwa upana na minne kwa urefu, jumla 16. Unganisha miwili miwili, mshono uwe sm 1 kutoka ukingoni, acha mwanya wa sm 6, geuza, kisha piga mshono wa juu kuzunguka ili kuziba. Unapata vitambaa 8 vya sm 23. Kimoja kikikunjwa sehemu tatu kina upana usiofika sm 8 na tabaka sita, kinatosha mchana. Usiku weka viwili. Usiunganishe mitatu au minne kwa pamoja ukidhani unaongeza nguvu, utakuwa umerudi kulekule kwa kutokauka.

Kibebeo: chora kiolezo kwenye boksi gumu. Urefu sm 25, upana sm 9, ncha zote mbili za mviringo. Katikati weka mabawa yenye urefu wa sm 7 kila moja, na kutoka ukingo wa bawa moja hadi ukingo wa lingine iwe sm 18. Hivyo ni vipimo vya pedi iliyokwisha, kwa hiyo ongeza sm 1 kuzunguka kabla ya kukata. Kwa kila kibebeo unakata pamba ya juu kipande kimoja, pamba ya chini kimoja (kitenge cha pamba chenye rangi nzito kinafaa), kitambaa kisichopitisha maji kimoja, na vipande viwili vya mifuko vya sm 11 kwa 14. Kila kipande cha mfuko kikunje kati kiwe sm 11 kwa 7, kisha kipunguze kwa kufuata mviringo wa ncha.

Kushona: laza pamba ya juu, uso wake ukiangalia juu. Weka mifuko kwenye ncha mbili, mkunjo ukielekea katikati. Juu yake weka pamba ya chini, uso ukiangalia chini. Mwisho kabisa kile kisichopitisha maji, upande wa utando (ule unaozuia maji) ukiangalia juu. Shona kuzunguka, acha mwanya wa sm 6 kwenye sehemu iliyonyooka, kamwe usiuache kwenye mviringo wa bawa. Kata vialama vidogo kwenye mapindo yote ya ndani bila kugusa uzi, vinginevyo bawa likigeuzwa litajikunja na kuvuta. Geuza, kisha piga mshono wa juu mm 3 kutoka ukingoni.

Sasa kuvuja. Usipitishe mshono wowote katikati kwenye kile kitambaa cha kuzuia maji. Wale wanaopiga mistari miwili kando ya sehemu ya kunyonya ili "ikae vizuri" ndio wanaotoboa bomba wenyewe. Kila tundu la sindano ni njia, na uzi wa pamba unavuta damu kuipeleka upande wa pili. Tumia uzi wa poliesta kila mahali. Na pamba ya juu ikate ndogo kwa mm 2 kuliko ya chini, ili mshono ujikunje kuelekea juu. Pamba ya juu ikichungulia upande wa chini, inanyonya na kulowesha chupi hata kama katikati ni kukavu.

Zeinabu wa Nyegezi

Fundi kamaliza karibu yote ila hakutaja hicho kitambaa chenyewe, na hapo ndipo fedha inapopotea.

Kinachofaa kuliko vyote kinaitwa PUL, poliesta nyepesi iliyobandikwa utando wa poliyurethani upande mmoja. Nusu mita yenye upana wa sm 150 inatoa vibebeo 10 ukipanga urefu wa kiolezo kufuata upana wa kitambaa. Usipokipata madukani, pekua nepi za kitambaa za watoto kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, nyingi zimetengenezwa kwa PUL. Angalia upande wa ndani: ukiona utando umevimba au unabanduka, iache, haitamaliza miezi.

Kitambaa cha mwavuli watu wanakisifia sana, mimi sikikubali. Kinasukuma tone la maji lakini hakihimili kukaliwa, na dawa yake inaisha kwa kufuliwa. Pima mwenyewe: kitandike juu ya karatasi kavu, mwagia kijiko cha maji, kandamiza kwa kidole gumba na uhesabu hadi sitini. Karatasi ikilowa, hakifai. Nailoni ya mfuko ndiyo usiiguse kabisa. Inachanika kwenye mshono, inaunguza ngozi kwa jasho, inapiga kelele mtu akitembea. Na mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Ukishona PUL: sindano mpya namba 11, urefu wa mshono mm 3. Mshono mfupi unaitoboa kama tiketi. Pini ziingie kwenye ile sm 1 ya ukingoni tu, au tumia vibanio vya nguo. Utando unanata kwenye mguu wa cherehani, weka karatasi nyembamba juu yake, shona, kisha ichane.

Fundi Mirongo

Kuhusu mwavuli naweza kubisha kidogo, kwa kibebeo cha siku nyepesi unasaidia. Lakini kwa mtoto wa shule anayekaa darasani saa nyingi, Zeinabu yuko sahihi.

Muuguzi wa Zahanati

Niongeze upande wa matumizi, maana pedi nzuri inaharibiwa kwenye beseni.

Loweka kwenye maji baridi, nusu saa inatosha. Maji ya moto yakitangulia yanagandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Fua kwa sabuni, suuza hadi maji yawe meupe, sabuni iliyobaki ndiyo inayowasha. Dawa ya kulainisha nguo usiweke, inapaka nyuzi mafuta na flaneli inaacha kunyonya. Jik kila mara inakula pamba na utando. Vitambaa vya ndani unaweza kuvichemsha, hasa binti akiwa ametoka kutibiwa fangasi, ila kibebeo cha PUL usikichemshe wala kukipiga pasi ya moto moja kwa moja.

Kwa walio visiwani na mialoni: msiingie ziwani kufulia. Vimelea vya kichocho vinaingia kupitia ngozi ya anayesimama majini, kwa hiyo hatari iko kwenye miguu na mikono ya binti. Chota, acha maji yakae ndooni siku mbili yakiwa yamefunikwa, ndipo utumie, kwa sababu vimelea hivyo bila kupata mtu haviishi muda huo.

Anika juani, si chini ya godoro wala nyuma ya kabati. Jua likikosekana, vitambaa vya ndani vikaushwe kwa pasi pande zote mbili. Pasi pia inaua mayai ya wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, ambao funza wao huingia kwenye ngozi. Kubadilisha ni kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa.

Mama Wawili, Kirumba

Asanteni sana, nimenakili yote. Limebaki moja: vifungo. Kuna anayeniambia niweke velikro kwa sababu ni rahisi. Na nitajuaje pa kuviweka ili isiteleze mwanangu akitembea?

Fundi Mirongo

Velikro hapana. Inakusanya nyuzi, inakwaruza paja, na inaparua flaneli kwenye beseni. Nunua vifungo vya kubonyeza vya plastiki vya mm 10 hadi 12. Vya chuma cha bei rahisi vinaingia kutu.

Pa kuviweka usikisie. Pima upana wa chupi yake pale katikati, kipimo hicho zidisha mara mbili, huo ndio umbali kati ya vifungo viwili pedi ikiwa imelazwa wazi. Chupi ya sm 6.5 inataka sm 13, ya sm 7 inataka sm 14. Kwa mabinti wawili vipimo vinaweza kutofautiana, kwa hiyo wape rangi tofauti za kitenge wasichanganye. Kifungo cha bawa moja kikae uso wa juu, cha lingine uso wa chini, la sivyo havitakutana. Kabla ya kushona kifungo ingiza ndani ya bawa kipande cha pamba cha sm 2 kwa 2, bila hicho kitambaa kitachanika kwa kuvutwavutwa.

Ikiendelea kuteleza kwenda nyuma, kosa ni chupi iliyolegea lastiki, si pedi. Shona vibebeo vitatu kwanza kwa kila mmoja, avijaribu siku ya kawaida nyumbani, urekebishe kiolezo, ndipo ukate vilivyobaki.