Ulinganisho: T206, Topps 1952, Topps 1962 za kijani au Washington 1974, nianze na zipi?

KadiZaZamani
Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio, na kadi za besiboli za zamani zimenikolea kabisa. Nyota wakubwa si shida yangu sana. Kinachonivuta ni kadi mbili za mchezaji mmoja, namba ileile, mwaka uleule, lakini ukizitazama vizuri unagundua zilichapwa kwa nyakati mbili tofauti. Nataka seti moja ya kujifunzia kusoma tofauti hizo. Nimechuja nikabaki na nne hizo za kwenye kichwa cha mada (tatu za mwisho ni za kampuni ya Topps). Mfuko wangu ni wa mtu wa mshahara, hivyo kadi za bei mbaya kama Wagner wa T206 na Mantle wa 1952 tuwaachie wenye uwezo. Nyie mngeanza na ipi, na kwa nini?

BintiMrima
Kaka, mimi ni T206 bila kusita. Zilitoka 1909 hadi 1911 ndani ya pakiti za sigara za American Tobacco Company, na nyuma ya kila kadi kuna tangazo la sigara. Chapa ni kama 16 hivi. Piedmont na Sweet Caporal zimejaa tele. Drum, Uzit, Lenox na Broad Leaf utazitafuta kwa tochi. Picha moja ya mbele inaweza kuwa na migongo kadhaa, na hapo ndipo utamu ulipo: mchezaji asiyekumbukwa na yeyote anagombewa mnadani kwa sababu tu ya mgongo wake.

Usiishie kwenye jina la chapa. Piedmont imeandikwa 150, 350 au 460, na hiyo inakuambia kadi ni ya awamu gani. Sweet Caporal inataja namba ya kiwanda. Na yapo makosa yaliyosahihishwa kazi ikiendelea: Sherry Magee aliandikwa "Magie", na hiyo yenye kosa ndiyo ghali.

MzeeWaLenzi
Binti yangu, yote uliyosema ni kweli, ila kwa anayeanza T206 ni bahari. Kadi zimepita 500, uzidishe na migongo, na bandia ni nyingi mno.

Mimi namshauri kijana Topps 1952. Seti ina kadi 407, lakini tofauti kubwa ya uchapaji iko kwenye 80 za kwanza tu: kuna zenye wino mwekundu mgongoni na kuna zenye mgongo mweusi mtupu. Unageuza, umeshajua. Humohumo wamo Joe Page (48) na Johnny Sain (49), ambao kwenye baadhi ya migongo myeusi kila mmoja amepewa wasifu wa mwenzake. Mantle (311), Jackie Robinson (312) na Bobby Thomson (313) kila mmoja aliwekwa mara mbili kwenye karatasi kubwa ya kuchapia, ndiyo maana ana matoleo mawili. Kwa Mantle, tazama mchoro wa mpira uliozunguka namba nyuma: mshono kwenye toleo moja umeelekea kulia, kwenye lingine kushoto.

Ila namba za juu, 311 hadi 407, achana nazo kwa sasa. Zilitoka msimu ukielekea mwisho, hazikuuzika, na Sy Berger wa Topps alisimulia jinsi makasha yaliyobaki yalivyomwagwa Atlantiki mwaka 1960.

WinoNaBamba
Nafanya kazi kwenye uchapaji, kwa hiyo kura yangu ni 1962. Namba 110 hadi 196 zina toleo la pili ambalo rangi zake zimeelemea ukijani, na wakusanyaji wengi wanaamini kazi ile ilipelekwa kwa mchapaji mwingine. Wachezaji wachache wana hata picha tofauti kabisa: Carl Willey (174) kwenye moja amevaa kofia, kwenye nyingine yuko kichwa wazi. Kadi kumi za kumbukumbu ya Babe Ruth (135 hadi 144) nazo ziko kwenye kundi hilohilo.

Tahadhari: rangi peke yake haitoshi. Kadi iliyokaa juani hupoteza wekundu na njano mapema, na muuzaji asiyejua ataiita ya kijani. Tazama picha ilivyokatwa ukingoni: bega, paa la uwanja, mtu wa nyuma. Mara nyingi toleo la kijani limekatwa kidogo tofauti na lile la kawaida. Jua linafifisha wino, halisogezi picha.

SanDiegoMpaKufa
Mbona hamuisemi 1974? Padres, timu ya San Diego, walikuwa karibu kuhamia Washington, Topps wakawahi kuchapa kadi 15 zenye "Washington" na "Nat'l Lea." (kifupi cha National League, ligi yao). Mara Ray Kroc wa McDonald's akainunua timu, ikabaki San Diego, na kadi zikarekebishwa. Hakuna haja ya lenzi, unasoma tu. Willie McCovey (250) ndiye nyota wa kundi hilo. Lakini Dave Winfield (456) usimtafute, kadi yake imetoka San Diego peke yake.

BintiMrima
Swali kwa WinoNaBamba: Pancho Herrera wa Topps 1958, namba 433, ile iliyoandikwa "Herrer" bila a ya mwisho, unaihesabu kama toleo la pili?

WinoNaBamba
Dada, kwangu hapana, ingawa soko linailipia vizuri. Zipo nakala ambazo a imefutika nusu, maana yake kuna kitu kilikuwa kinazuia wino kidogo kidogo. Hakuna aliyekaa akabadilisha bamba la kuchapia. Hank Aaron wa 1957 (20) nayo, picha imegeuzwa anaonekana anapiga kwa kushoto, lakini haikurekebishwa kamwe. Ni kosa, ila halina toleo la pili la kulinganisha.

MzeeWaLenzi
Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Wakusanyaji wameitafuta Herrer miaka mingi na imo kwenye orodha zao. Historia ya kadi ni pamoja na mashine ilivyoharibu. Kijana aijue, hata kama hataitia kwenye seti.

KadiZaZamani
Shukrani sana wote. Nimeamua 1962, kila mchezaji kuanzia 110 hadi 196 kwa jozi, na zile 15 za Washington nitaziokota taratibu. Ila kadi nyingi nitanunua mtandaoni kwa kuona picha tu. Nijikinge vipi?

WinoNaBamba
Mwombe muuzaji apige picha kadi yako ikiwa pembeni ya nyingine za 1962, mwanga wa mchana, simu ileile, bila kurekebisha rangi. Kadi moja peke yake haikuambii kitu. Ikikufikia, weka lenzi ya mara 10 juu ya jina: herufi halisi ni wino mzima, nakala za siku hizi zimejaa vitone vya rangi. Na ukija kumfuata BintiMrima kwenye T206, beba ile taa ya UV ya kukagulia noti. Karatasi ya 1910 haing'ai chini yake. Ikiwaka buluu, mrudishie mwenyewe.