Nimechoka na "kaogelee utapona"! Bwawa linanuka, msamba unawaka moto, na bado naambiwa nina UTI

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa nimelala kifudifudi, simu nimeiegemeza kwenye mto, maana kukaa siwezi. Leo siku ya tatu. Chanzo ni dakika 40 za kuogelea ambazo nilizisubiri wiki nzima.

Kwa wasionijua, nina maumivu sugu ya neva ya pudenda. Neva hii inatoka chini kabisa ya uti wa mgongo, pale S2 hadi S4 (pingili ya pili hadi ya nne za sehemu ya nyuma ya nyonga), inapita karibu na mfupa wa kukalia ndani ya kijinjia kinachoitwa mfereji wa Alcock, halafu inagawanyika matawi matatu: moja la njia ya haja kubwa, moja la msamba, la tatu la kinembe au uume. Ndiyo, wanaume nanyi mnaupata, acheni kujificha. Ikikorofisha unaungua, unapigwa shoti, au unahisi umekalia kokoto ambayo ukiinuka kuitafuta huioni. Ukikaa inazidi, ukilala inatulia. Kichekesho chake ni kwamba kwenye choo cha kukalia unapata nafuu, kwa sababu katikati pana tundu. Kuna vitabu nimevimaliza humo chooni.

Sasa kwenye maji hakuna kiti. Unaelea, uzito unapungua, hakuna kinachobana pale. Kwa hiyo wanaosema kaogelee hawajakosea, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Maji yananifaa. Wanachoyafanyia maji ndicho kinachonimaliza.

Juzi nimefika, kabla sijafungua mlango wa kubadilishia nguo harufu imeshanipiga puani. Ukutani kuna bango kubwa: OGA KABLA YA KUINGIA. Chini ya bango kuna bomba la mvua, koki yake imefungwa kwa waya. Nimesimama pale kama mjinga, mbele yangu anapita baba mtu mzima mgongo unang'aa mafuta, anajitupa majini, na nyuma yake juu ya maji unabaki utando wa rangi rangi. Watoto ndio usiseme. Yule aliyetulia ghafla pembeni, macho juu, katabasamu, wote tunajua alikuwa anafanya nini.

Nikamfuata mhudumu, kwa adabu kabisa. "Kaka, mbona leo klorini inanuka hivi?" Akanijibu bila hata kunitazama: "Dada, ikinuka ndio ujue maji ni masafi."

HAPANA. Hii kauli nimeisikia kila bwawa nililowahi kuingia, na ni uongo. Klorini iliyo sawa kwenye maji masafi hainuki hivyo. Kinachonuka ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo wa watu. Ndiyo inayowasha macho, inayokohoza, na ndiyo inayonichoma mimi kunakoniuma. Harufu kali maana yake maji yameshachoka. Na dawa ya kwanza ya hali hiyo ni lile bomba walilolifunga kwa waya!

Tangu mwaka jana natembea na karatasi za kupimia maji kwenye mkoba (ndiyo, nimefika huko). Nikachovya moja mkono hadi kiwiko, nikasubiri sekunde zangu. pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali ya maji, inatakiwa iwe 7.2 hadi 7.8. Kijikaratasi kilikwenda hadi rangi ya mwisho kwenye kopo, zambarau iliyoiva, 8.4. Sasa pH ikipanda, klorini inalegea. Ikifika 8 tu, karibu robo yake ndiyo inayofanya kazi ya kuua vijidudu. Asiyepima anaona maji si maangavu tena, anamwaga klorini nyingine. Niliyaona haya kwa macho yangu: jamaa na ndoo, watu wamo ndani, anamimina kama anamwagilia bustani.

Mtasema si ungeondoka. Kweli, ningeondoka. Lakini nilishapanda gari nimekalia tako moja njia nzima, na mwili ulikuwa unalilia maji. Nikaingia. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa raha tupu, sitadanganya. Nilipotoka, mshono wa vazi la kuogelea ulikuwa umekaa palepale, umelowa klorini, unasugua kila hatua. Mtu mwingine angewashwa kidogo, akaoga, akasahau. Mimi neva yangu ni kengele iliyokwama, ukiigusa na unyoya inalia kama nyumba inaungua. Hadi usiku chupi ya pamba ilikuwa kama msasa.

Jana nikajikokota hospitali. Kabla sijamaliza sentensi: "UTI hiyo." Kipimo cha mkojo kimetoka safi. Dawa za kuua bakteria nimeandikiwa vilevile. Hii ni mara ya nne, na mara zote nne mkojo ulikuwa safi! Daktari, kama bakteria hayupo, hizo dawa zinamuua nani? Nikataja neva, akaniambia nipunguze mawazo.

Halafu kuna walimu wa kuogelea. Nikisema nina maumivu ya nyonga wananiambia nipige staili ya chura, "ni laini". Laini kwa nani? Ule mfereji wa Alcock umo kwenye utando wa msuli unaozungusha paja. Ukipanua mapaja na kuyafunga kwa nguvu mara mia, unauchokoza msuli uleule unaopakana na neva. Mimi naelea chali, miguu inapepea kidogo tu, basi. Na lile boya la kubana katikati ya mapaja mniondolee, linanifanya nikaze kila kitu huko chini.

Na nyie wa Kegel, yale mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, mnaokuja kwenye kila uzi wa nyonga kama nzi, someni: misuli yangu haijalegea, imekakamaa. Nikiikaza zaidi naongeza tatizo. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenielewa (mmoja, baada ya miaka) ananifundisha kuilegeza na kupumua hadi tumboni. Maji ya baridi yananirudisha nyuma kwa sababu hiyohiyo, mwili unajikunja wenyewe.

Ninachofanya sasa ili nisiache kabisa: naoga nyumbani kabla ya kwenda, napaka mafuta ya mgando huko chini kama kinga, naenda asubuhi sana kabla ya umati, na nikitoka vazi linavuliwa dakika hiyohiyo, najimwagia maji matupu bila sabuni. Inasaidia, ila kwenye bwawa kama la juzi ni sawa na kufungua mwavuli ndani ya mto. Na msinipeleke kwenye "bwawa la chumvi halina klorini". Chumvi ile mashine inaigeuza kuwa klorini kwa umeme. Mkojo wa watoto nao uko palepale.

Nina maswali mawili, na naomba wajibu wenye ugonjwa huu au wanaoishi na mwenye nao. Kuna aliyewahi kupata vazi la kuogelea lisilo na mshono katikati, au mnashona wenyewe? Na mnamwambiaje msimamizi wa bwawa habari ya pH bila kuonekana mwendawazimu? Yule wa juzi nilimwonyesha kijikaratasi. Akauliza kama ni kipimo cha mimba.