Wanaochoma sindano za kupunguza uzito, misuli mnailindaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, Ozempic na Wegovy (zote semaglutaidi) na Mounjaro zinakata njaa, mwili unaanza kula akiba yake. Akiba hiyo si mafuta peke yake. Katika STEP 1, jaribio la semaglutaidi la mwaka 2021, kwa waliopimwa kwa DEXA (eksirei inayotenganisha mafuta na sehemu nyingine za mwili), karibu asilimia 40 ya kilichopungua haikuwa mafuta. Humo kuna maji na viungo vingine, si misuli mitupu, lakini kiasi hicho hakipuuzwi. Leteni vitu vinavyopimika: gramu, seti, siku.

Dagaa Mchele: Protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo kwa siku. Mwenye kilo 120 asipigie hesabu 120, atumie uzito anaoulenga. Kama ni 75, anahitaji gramu 90 hadi 120. Mayai matatu na glasi ya maziwa ni kama gramu 26. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Kuku wa kuiva asiye na mfupa, gramu 100, anakupa 30 hivi.

Wengi wanaharibu kwa kuanza na ugali. Dawa inachelewesha chakula kutoka tumboni, matonge matano umeshiba na kitoweo kimebaki kwenye bakuli. Anza na kitoweo, ugali ufuate. Siku ya kichefuchefu kunywa mtindi, au uji uliopikwa kwa maziwa, kidogo kidogo. Na supu jamani! Mchuzi mtupu hauna protini ya maana, kula zile nyama za chini. Mwenye ugonjwa wa figo asizifuate gramu hizi, apangiwe na daktari wake.

Fizio: Kutembea ni kuzuri kwa moyo, ila misuli inataka mzigo. Mara 2 au 3 kwa wiki, siku zisizofuatana: kukaa na kusimama kwenye kiti, pushapu za ukutani halafu za mezani, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kuinama ukivuta dumu la maji kuelekea tumboni. Seti 3, kila moja mara 8 hadi 12. Mzigo unaokufaa ni ule ambao ukimaliza seti ungeweza kuongeza mara 2 au 3 tu. Ukifikisha 12 seti zote, ongeza lita moja, yaani kilo moja. Anayebeba dumu lilelile miezi mitatu hajengi kitu.

Mzani hauwezi kukuambia kama nguvu zinapotea. Kunja mikono kifuani, hesabu umesimama kutoka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, rudia kila wiki 4. Idadi ikishuka, au chakula hakipiti kabisa, mweleze daktari kabla hajapandisha dozi. Kuna watu wanakimbilia ngazi ya juu ya dawa wakati hata yai moja haliliki.

Mgeni: Vipi kreatini, ile poda ya wanaojenga misuli?

Fizio: Gramu 3 hadi 5 kwa siku, pamoja na mazoezi, bila mazoezi usitegemee makubwa. Mzani unaweza kupanda kidogo kwa maji yanayoingia kwenye misuli. Ukienda kupima figo sema unaitumia, maana inaweza kupandisha kreatinini ya damu (taka inayopimwa kuangalia figo) ukaonekana mgonjwa.

Dagaa Mchele: Nyongeza kwa wenye kisukari wanaotumia pia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari): pimeni sukari kabla ya mazoezi, na glukosi iwe mfukoni.