Tupeane uzoefu: "borrow" na "lend" zinawaangusha wapi?

Chaki Mbili: Wakuu, "borrow me your pen" si uvivu wa mwanafunzi. Inatoka kwenye "azima" yetu, inayobeba pande zote: nimeazima jembe kwa jirani, jirani kaniazima jembe. Kwa Kiingereza anayetoa ndiye "lend", anayechukua ndiye "borrow". Mwageni makosa mnayokutana nayo.

Bi Kidato: Hilo hilo. Kila mtihani.

Mzee wa Sarufi: Tazama kiambishi cha mtu anayetendewa ndani ya kitenzi. Niazime, nimekuazima, amemwazima: hapo andika "lend". Ukikosa mtu huyo ndani na mbele ukakuta "kwa fulani", ni "borrow" na "from" yake. "Lend" hukubali yambwa mbili, yaani anayepewa na kitu chenyewe: "lend Asha the book", au "lend the book to Asha". "Borrow" ina yambwa moja tu, ndiyo maana "borrow me" inavunjika. Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent". "Lended" futa kabisa.

Pwani Kwetu: Umeteleza, mzee. "Nimemwazima Juma baiskeli" wapo watakaoelewa nimeichukua kwake.

Mzee wa Sarufi: Basi uliza baiskeli iko kwa nani. Iko kwa Juma, "lend". Iko kwako, "borrow". Tusigombane.

Debe Shinda: Mnazunguka bure. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Kwisha.

Chaki Mbili: Kwa pesa sawa. Nani anakopa ngazi?

Baridi Kali: Huku Minnesota na Wisconsin wapo wenyeji wanaosema "borrow me", athari ya wahamiaji wa Kijerumani na Kinorwe. "Leihen" ya Kijerumani na "låne" ya Kinorwe zinabeba pande mbili kama azima yetu!

Bi Kidato: Kaandike hivyo kwenye karatasi ya Fomu Foo uone.

Mzee wa Sarufi: Mtego mwingine ni muda. "I have borrowed this book for two weeks" ina kasoro, kwa sababu kuazima ni tendo la mara moja. Kinachoendelea ni kukaa nacho. Sema "I have had this book for two weeks". Na choo hakiazimwi, maana huondoki nacho: "Can I use your toilet?"

Pwani Kwetu: Na "loan"?

Chaki Mbili: Ni mkopo. Wamarekani huifanya kitenzi pia, "loan me ten dollars". Uingereza wengi hupendelea "lend".

Debe Shinda: Basi niazimeni mia tano ya bando.

Bi Kidato: Kwako wewe hiyo ni "give".