Mtoto wa miaka 3 kudungwa dawa ya mionzi ndio figo ipigwe picha, mliopitia hii nisaidieni

MamaKondele: Hamjambo wadau, niko Kisumu. Kijana wangu amekuwa na infekshoni ya mkojo mara nne sasa, homa inapanda usiku mpaka anatetemeka, antibayotiki ikiisha wiki chache tu imerudi. Ultrasaundi ilisema iko sawa lakini daktari wa watoto anataka twende Nairobi apigwe skani ya DMSA, ile ya kudungwa dawa inashika kwa figo ndio zipigwe picha, aone kama figo ziko na makovu. Kusikia dawa iko na mionzi nikanyamaza tu, na mama mkwe amesema hakuna mjukuu wake atawekwa sumu. Nifanye aje?

JaLolwe: Si ultrasaundi imesema iko sawa? Hiyo ni kumaliza pesa.

Mama_wa_Nakuru: Pole mamaa. Wangu alidungwa asubuhi, tukangoja kama masaa matatu dawa ishike kwa figo, tukazunguka tukakula chipsi. Ngumu ni kutulia chini ya kamera karibu nusu saa, walimkunja na shuka kama chapati nikamwekea katuni kwa simu akalala. Beba daipa mob.

FundiEksirei: @JaLolwe ultrasaundi inaweza kukosa kovu ndogo, hii ya DMSA inaonyesha ni sehemu gani ya figo inafanya kazi, kovu linakuwa kama pengo kwa picha. @MamaKondele ile kamera haitoi mionzi, inapokea tu ya dawa. Mionzi ya hiyo dawa ni ya teknishiamu-99m, kila masaa 6 nguvu inabaki nusu, kesho saa hiyo imebaki moja ya kumi na sita, na ingine ametoa na mkojo. Zamani walitumia ayodini-131 ambayo nguvu inabaki nusu baada ya siku 8, na mashine ilipita juu ya mwili mstari kwa mstari, hebu fikiria huyo wako hapo 😂 mpaka Hal Anger wa California akatengeneza kamera ya kuona figo yote mara moja, miaka ya 1950. Hata dozi, hospitali zilikuwa zinatofautiana sana, ni 2010 ndio wataalamu wa Marekani na Kanada walikubaliana viwango vya watoto kulingana na kilo. So hakikisha amepimwa kilo siku hiyo, wakikisia kataa. Na kama infekshoni imeisha juzi uliza daktari kama mngoje, kawaida ni miezi 4 hadi 6, juu figo bado imevimba inaweza onekana kama iko na kovu. Kama uko na mimba waambie mapema, mtu mwingine ndio amshike.

MamaKondele: Aki hiyo ya mimba sikuwa nimefikiria, niko miezi mitano. Basi ni babake ataingia, na vile huyo akiona sindano anatafuta kiti.